Kumwandaa Mfanyakazi Anayekwenda Kufanya Kazi Ugenini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyapata kwa maofisa wa rasilimali watu, kwa mameneja na kwa wafanyakazi wenyewe, wale ambao tiketi zimeshakatwa na wale ambao bado wanasubiri kibali cha kazi. Nayajibu hapa kama ninavyoyajibu darasani. Mengine majibu yake ni mafupi. Machache nimekaa nayo kwa muda, kwa sababu ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani kabla ya mkataba kuisha.

Mafunzo ya kuelewa tamaduni ni nini hasa?

Ni maandalizi ya kumsaidia mfanyakazi aelewe jinsi watu wa nchi anayokwenda wanavyofanya kazi pamoja: wanavyotoa maagizo, wanavyokataa, wanavyopanga muda, wanavyokosoana na wanavyojenga kuaminiana. Si somo la historia na jiografia, wala si orodha ya fanya hiki, usifanye kile. Orodha ina faida siku tatu za kwanza, kwenye kusalimiana na kukabidhiana kadi. Siku ya nne mgeni hukutana na jambo ambalo halimo kwenye orodha. Hapo ndipo ninapotaka awe na mambo mawili: uwezo wa kugundua kwamba hajaelewa, na njia ya kuuliza bila kumuudhi mtu.

Kazi hii si ngeni. Miaka ya mwanzo ya 1950 mwanaanthropolojia wa Marekani, Edward T. Hall, alikuwa akifundisha wanadiplomasia wa nchi yake kabla hawajapelekwa vituoni. Wanafunzi wake hawakuvutiwa na nadharia pana kuhusu utamaduni; walitaka kitu cha kutumia wakishashuka kwenye ndege. Hall akageukia mambo madogo: watu husimama umbali gani wanapoongea, kuchelewa huanzia dakika ya ngapi, kunyamaza kuna maana gani. Mkufunzi mzuri wa leo bado anapita njia hiyohiyo.

Mfanyakazi wetu ni msomi, amesafiri sana na lugha ya kule anaijua. Bado anahitaji mafunzo?

Huyo ndiye ninayemhofia zaidi. Mgeni anayebabaika kwenye lugha husamehewa mengi, kila mtu anaona kwamba ni mgeni. Anayeiongea vizuri hupimwa kwa kipimo cha mwenyeji. Akikosea hawasemi hajui. Wanasema hana adabu.

Na safari za zamani hudanganya. Aliyekwenda kwenye semina ya siku tano alipokewa uwanja wa ndege, akalala hotelini, akaongozwa na mtu aliyepewa kazi ya kumfurahisha. Anayehamia atapanga nyumba, atasimama kwenye foleni ya kibali cha ukaazi, atakuwa na jirani, na Jumatatu asubuhi atakuwa na bosi.

Kuna sababu nyingine, nayo ni kubwa. Tatizo la kwanza la mfanyakazi huyu si kutojua utamaduni wa wengine, ni kutouona wa kwake. Huwa naanza darasa kwa zoezi moja. Kila mtu anaandika kwenye karatasi maneno atakayotumia kumwambia bosi wake kwamba kazi aliyopewa haiwezekani kumalizika kwa wakati. Halafu tunasoma kwa sauti. Mmoja ameandika sentensi moja. Mwingine ameandika nusu ukurasa, na neno "haiwezekani" halimo. Mwingine hakuandika kitu, kwa sababu kwake jambo hilo haambiwi bosi moja kwa moja. Hupitishwa kwa mtu wa tatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa hivyo shuleni, na kila mmoja anaamini njia yake ndiyo ya kawaida. Kuanzia hapo darasa huchangamka, kwa sababu mtu ameanza kujiona.

Ni tofauti zipi huwaumiza watu zaidi kazini?

Si mavazi wala salamu. Kesi nilizoletewa, nyingi zinaangukia kwenye mambo manne: kukataa, kukosoa, muda na cheo.

Nianze na kukataa. Hall alitofautisha tamaduni ambazo ujumbe karibu wote huwekwa kwenye maneno, na zile ambazo sehemu kubwa ya ujumbe iko nje ya maneno: nani amesema, mbele ya nani, baada ya kunyamaza kwa muda gani. Darasani tunafanya igizo. Mimi ni meneja mwenyeji, mwanafunzi ni fundi mitambo aliyewasili wiki iliyopita. Ananiuliza, "Vipuri vitakuwa vimefika kabla ya Ijumaa?" Navuta hewa kwenye meno, natazama karatasi zangu, kisha nasema, "Itakuwa vigumu kidogo, lakini tutaliangalia." Fundi anashukuru na kuandika kwenye daftari: Ijumaa. Hapo nasimamisha igizo na kuwauliza wengine nimejibu nini, na darasa linagawanyika. Mfanyabiashara wa Japani angesema nimekataa, tena nimekataa waziwazi. Fundi naye atakaa hadi Ijumaa akisubiri vipuri ambavyo hakuna aliyeviagiza, halafu ataandika barua pepe ya hasira akimtuhumu mwenyeji kwa uongo. Wala hakuna aliyedanganya. Dawa yake si kukariri sauti ya meno. Dawa ni kuuliza swali ambalo halijibiki kwa ndiyo au hapana: "Vipuri viko wapi sasa hivi, na hatua inayofuata ni ipi?"

Kukosoa ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Mhasibu mmoja niliyemwandaa alikwenda kufanya kazi Uholanzi. Wiki ya pili alinipigia simu usiku. Bosi wake alikuwa amemrudishia ripoti na mistari miwili tu: hesabu za ukurasa wa nne si sahihi, zifanye upya. Hakukuwa na salamu, wala neno la shukrani kwa kurasa nyingine kumi na moja. Aliisoma barua ile mara nyingi, akaamini kwamba ameshafukuzwa na kinachosubiriwa ni karatasi. Nikamshauri arekebishe ukurasa wa nne, airudishe, na asiombe radhi kwa zaidi ya sentensi moja. Kesho yake bosi alimjibu kwa neno moja la kukubali, na mchana wakala pamoja kama kawaida. Kwa bosi yule kosa lilikuwa la ukurasa, halikuwa la mtu. Yule mhasibu alikotoka, kukosoa bila kutanguliza heshima ni kumvua mtu nguo hadharani. Wote wawili walikuwa watu wema, na nusura wapotezane.

Muda huonekana rahisi, kumbe sivyo. Wengi wanajua kwamba kuna mahali dakika tano za kuchelewa ni kosa. Wasichojua ni kwamba kuna mahali kukata mazungumzo na mtu kwa sababu saa imefika ndilo kosa kubwa zaidi. Mgeni anayekimbia kutoka kikao kimoja kwenda kingine hufika kwa wakati kote, na anapotaka msaada hakuna anayemjua.

Kuhusu cheo, swali la kuuliza ni moja: uamuzi hufanywa wapi? Katika makampuni mengi ya Japani kuna utaratibu uitwao nemawashi, yaani kuwapitia wahusika mmoja mmoja na kukubaliana nao kabla ya kikao. Anayeibua wazo jipya kikaoni, akitegemea mjadala, atapata ukimya na atadhani hawakulipenda. Katika ofisi nyingi za Skandinavia mambo ni kinyume: mfanyakazi mdogo anayenyamaza mbele ya mkurugenzi hahesabiwi kuwa na heshima, anahesabiwa kuwa hana mchango.

Tumeona alama za nchi mbalimbali kwenye vipimo vya utamaduni. Tuvitegemee?

Vitumieni kama mahali pa kuanzia maswali, msivifanye hukumu. Vipimo vinavyojulikana zaidi ni vya Geert Hofstede wa Uholanzi. Alitumia majibu ya dodoso zaidi ya 100,000 yaliyokusanywa kwa wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM kati ya miaka ya 1967 na 1973, akachapisha matokeo mwaka 1980. Alianza na vipimo vinne, kikiwemo cha umbali wa madaraka, yaani watu hukubali kwa kiasi gani kwamba wakubwa na wadogo hawako sawa, na kile cha ubinafsi dhidi ya ujumuiya, yaani mtu hujitanguliza yeye au kundi lake. Baadaye vikawa sita. Kazi ile iliwapa watu lugha ya kuzungumzia mambo waliyoyahisi tu, na hiyo ni faida kubwa.

Lakini yafikirieni majibu yale yalitoka kwa nani. Ni wafanyakazi wa kampuni moja, wa zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Hofstede mwenyewe alionya kwamba alama ya nchi haimwelezi mtu mmoja mmoja. Nimemwona meneja akiingia kikaoni na jedwali kichwani, akamwona mwenyeji wake kama namba. Yule mwenyeji alikuwa amesomea bara lingine, ameoa mtu wa nchi ya tatu, na ana tabia zake. Ndani ya nchi moja, hospitali na kiwanda cha programu za kompyuta vinaweza kutofautiana kuliko nchi mbili.

Mafunzo yaanze lini na yachukue muda gani?

Mafunzo ya utamaduni yaanze wiki nne hadi sita kabla ya safari, na lugha ianze mapema zaidi ya hapo. Yakianza mapema mno mtu husahau. Yakiwekwa wiki ya mwisho mtu anauza gari, anaaga ndugu na kutafuta cheti cha chanjo. Mwili uko darasani, akili iko kwenye masanduku.

Siku mbili kabla ya safari zinatosha kwa kazi nyingi, ila kwa sharti moja ambalo makampuni mengi hulikata ili kuokoa fedha: vikao vitatu vifupi baada ya kufika, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Mimi ningechagua siku moja kabla na vikao vitatu baada, kuliko siku tano kabla na kimya baada. Kabla ya kuondoka mtu hajui hata aulize nini. Mwezi wa tatu ana maswali yanayomuuma, na anachofundishwa hapo hakisahau.

Siku ya mafunzo inakuwaje? Ni mihadhara?

Mihadhara iwe sehemu ndogo. Mbinu moja ya zamani ambayo bado naiamini ilibuniwa Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1960, na kikundi kilichokuwa na wanasaikolojia Fred Fiedler na Harry Triandis. Mwanafunzi anasoma kisa kifupi ambamo mgeni na mwenyeji wamekosana, kisha anapewa maelezo manne ya kilichotokea na kuchagua moja. Akichagua vibaya anaambiwa kwa nini si hilo, anarudi kuchagua tena. Nguvu ya zoezi hili ni kwamba maelezo yote manne yanaonekana kuwa ya kweli. Lile analolichagua kwanza humwonyesha mtu anavyofikiri.

Andaeni visa vyenu kutokana na kazi yenu wenyewe. Muuguzi anahitaji kisa cha mgonjwa na ndugu zake, dereva anahitaji cha askari wa barabarani na msimamizi wa ghala, mhandisi anahitaji cha kikao cha kukabidhi mradi. Kisa cha mkurugenzi kwenye chakula cha jioni hakimsaidii yeyote kati yao. Baada ya visa yafuate maigizo, na baada ya maigizo mleteni mtu aliyetoka kule karibuni, na mwenyeji wa kule kama anapatikana, mwaache waulizwe maswali bila bosi chumbani. Hilo la bosi kutokuwepo lichukulieni kwa uzito.

Tuchague mkufunzi wa namna gani?

Aliyeishi na kufanya kazi kule, na aliyerudi kule hivi karibuni. Desturi za kazi hubadilika. Saudi Arabia ilihamisha mapumziko ya wiki kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013. Serikali ya Falme za Kiarabu nayo, kuanzia Januari 2022, ikahamia Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa wakafanya nusu siku. Mkufunzi anayesoma daftari la mwaka 2010 atampeleka mtu kazini siku ya mapumziko.

Mwogopeni pia mkufunzi anayechekesha darasa kwa kuwabeza wenyeji. Watu watacheka, kisha watapanda ndege wakiwa wameshawadharau wale watakaoishi nao.

Lugha ni lazima ifundishwe kama kazi yenyewe inafanyika kwa Kiingereza?

Ndiyo, hata kama ni maneno mia mbili. Kikao kinafanyika kwa Kiingereza, lakini mambo muhimu husemwa kwenye korido na wakati wa chakula, kwa lugha ya watu wenyewe. Anayejua kusalimia, kushukuru, kuomba radhi na kusema "sijaelewa, rudia taratibu" hufunguliwa mlango. Na huyo akiumwa usiku anaweza kumwambia daktari ni wapi panauma.

Mshtuko wa utamaduni ni nini, na utamkuta kila mtu?

Ni uchovu unaompata mtu anapopoteza alama ndogondogo zilizokuwa zikimwongoza bila yeye kujua. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alilielezea hilo kwa upana katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954. Mwaka uliofuata, Sverre Lysgaard wa Norway alichapisha uchunguzi wa zaidi ya wasomi 200 wa Norway waliokuwa wamekwenda Marekani. Aliona kwamba waliokaa kati ya miezi sita na kumi na minane walikuwa na hali ngumu kuliko waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi. Kutokana na hapo kukachorwa ule mchoro wa herufi U: furaha, kuporomoka, kisha kupanda.

Mchoro huo unafaa kumtuliza mtu, lakini msiufanye ratiba. Uchunguzi wa mwaka 1998 juu ya wanafunzi wa Japani waliokwenda New Zealand uliona wengi wao walipata shida zaidi mwanzoni kabisa, wakati mchoro unasema wangekuwa na furaha. Mimi pia nimeona wote: anayelia wiki ya kwanza, na anayecheka miezi minane halafu anashindwa kutoka kitandani.

Wafundisheni dalili zake. Mtu anaanza kulala kupita kiasi au hapati usingizi kabisa. Anakasirishwa na vitu vidogo, kama mlango unaofunguka kwa upande asiouzoea. Anasema "hawa watu" mara kumi kwa siku. Anakaa kwenye simu na nyumbani hadi usiku wa manane na hana hata rafiki mmoja kule alipo. Hali hiyo si udhaifu wala utovu wa shukrani. Inasaidia sana mtu akiambiwa hivyo kabla ya kuondoka, na mtu anayemheshimu. Ikizidi wiki kadhaa, au akianza kusema hana haja ya kuishi, hilo si la mkufunzi tena. Apelekwe kwa daktari au mshauri wa afya ya akili mara moja.

Familia ihusishwe?

Ihusishwe tangu siku ya kwanza, na ningependa wakurugenzi wasome jibu hili mara mbili. Mwaka 1982 Rosalie Tung alichapisha utafiti uliolinganisha makampuni ya Marekani, Ulaya Magharibi na Japani. Kwa makampuni ya Marekani, sababu iliyotajwa kwanza ya mfanyakazi kushindwa ugenini ilikuwa mwenza wake kushindwa kuzoea. Ukosefu wa ujuzi wa kazi ulikuwa karibu na mwisho wa orodha. Pamoja na hayo, bado tunamfanyia mtu usaili mara tatu kuhusu ujuzi na mwenza hatumuulizi hata jina.

Fikirieni hali yenyewe. Mfanyakazi asubuhi anakwenda ofisini, ana wenzake, ana kazi anayoijua. Watoto wana shule. Mwenza, ambaye pengine aliacha kazi yake nzuri, anabaki kwenye nyumba tupu katika mji asioujua, na mara nyingi viza yake haimruhusu kuajiriwa. Mapema kabisa ulizeni kama viza inaruhusu kazi, shule zikoje, na bima ya matibabu inawahusu wote au mmoja. Mwenza aalikwe darasani kama mwanafunzi kamili, mwenye karatasi zake na maswali yake, si kama mgeni wa chakula cha mchana. Akisema hataki kwenda, msikilizeni. Ni afadhali ijulikane kabla ya tiketi kukatwa.

Ni kweli kwamba karibu nusu ya wanaokwenda hurudi kabla ya muda?

Takwimu za namna hiyo zimerudiwa miaka mingi, lakini mtafiti Anne-Wil Harzing alipozifuatilia chanzo chake mwaka 1995 alikuta waandishi wamenukuliana wao kwa wao, na msingi wenyewe ni mwembamba sana. Msizitumie kumwogopesha mkurugenzi ili atoe bajeti. Isitoshe, kurudi mapema si kushindwa pekee. Yupo anayemaliza miaka yake mitatu huku ameharibu uhusiano na wateja wote, na kwenye hesabu anaonekana amefaulu.

Mafunzo haya ni ya mameneja tu? Wafanyakazi wa nyumbani, wajenzi na madereva je?

Wao ndio wanaoyahitaji zaidi na ndio wanaopewa kidogo zaidi. Meneja akikosana na mwenyeji wake ana idara nzima ya kumtetea. Mfanyakazi wa nyumbani anaishi ndani ya nyumba ya mwajiri, na akikosana naye hana pa kulala. Kwake, kujua namna ya kusema "sijaelewa" au "naumwa" kwa lugha ya nyumba ile ni ulinzi.

Lakini kwa hawa utamaduni usitumike kuficha dhuluma. Nimewahi kusikia darasani, kwa mshangao mkubwa, wasichana wakifundishwa kwamba mwajiri kukaa na pasipoti yao "ndiyo desturi ya kule". Kuzuia hati za mtu kunahesabiwa na Shirika la Kazi Duniani kuwa mojawapo ya dalili za kazi ya kulazimishwa. Mkataba wake namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa nyumbani, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe mfanyakazi anabaki na hati zake za kusafiria na za utambulisho. Mkataba namba 181 wa mwaka 1997 nao unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada, na kuruhusu kuachana nayo kwa masharti maalumu tu.

Kwa hiyo kila anayekwenda, wa cheo chochote, aondoke akiwa na mambo haya: nakala ya mkataba kwa lugha anayoisoma mwenyewe, nakala ya pasipoti kwa ndugu aliyebaki, namba ya simu ya ubalozi wa nchi yake, au wa nchi inayoiwakilisha kule kama haina ubalozi, na maneno ya kuombea msaada kwa lugha ya kule. Ajue pia kwamba chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi, mgeni aliyekamatwa ana haki ya kuomba ubalozi wake mdogo ujulishwe. Desturi anaweza kuizoea. Kunyimwa mshahara au kufungiwa ndani si desturi ya mahali popote.

Zawadi kwa wateja na maofisa zinaruhusiwa?

Msiliache jambo hili kwa busara ya mtu mmoja. Yapo mazingira ambayo kufika mikono mitupu ni kukosa heshima, na zipo sheria zinazovuka mipaka, kama ile ya Marekani ya mwaka 1977 dhidi ya rushwa kwa maofisa wa nchi za nje na ile ya Uingereza ya mwaka 2010. Kampuni iandike kiwango, itaje nani wa kuulizwa, na mfanyakazi afundishwe sentensi ya kukataa kwa heshima. Aifanyie mazoezi kwa sauti, kwa sababu ni ngumu kuitamka mara ya kwanza.

Timu inayompokea nayo ifundishwe?

Saa mbili zinatosha, na zina faida isiyolingana na gharama yake. Mwelezeni bosi mpya kwamba mgeni akinyamaza kikaoni huenda anasubiri kukaribishwa kusema. Mchagueni mwenzake mmoja wa cheo sawa awe mtu wa kuulizwa maswali madogo, asiyemwandikia tathmini. Mgeni hawezi kubeba mzigo wote wa kubadilika peke yake.

Sisi ni kampuni ndogo, hatuna fedha za mkufunzi. Tufanyeje?

Tafuteni watu wawili waliowahi kufanya kazi kule, mmoja aliyefurahi na mmoja aliyeumia. Mkae na anayekwenda kwa saa tatu. Muwaulize mambo mahususi: bosi alikataaje, nani alikusaidia, kosa gani lilikugharimu, ungelijua nini mapema. Kisha wekeni tarehe za simu za mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, na mzitimize. Nimeona maandalizi ya namna hii yakishinda semina za hoteli kubwa.

Tutajuaje kwamba mafunzo yamefaa?

Fomu ya kuuliza kama darasa lilipendeza haitoshi. Rudini baada ya miezi sita na muulize pande mbili. Mfanyakazi aeleze tukio moja alilolielewa vibaya mwanzoni na alivyolirekebisha. Asipokuwa na hata moja, wasiwasi uwepo. Mwenyeji naye aulizwe: ukipata tatizo, unamwendea yeye au unampita?

Akirudi nyumbani anahitaji maandalizi tena?

Anahitaji, na hapa ndipo makampuni mengi hupoteza watu wao. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn walionyesha kwamba anayerudi huweza kupitia mporomoko wa pili, na ule mchoro wa U ukawa W. Mwenyewe hautarajii, maana anadhani anarudi kwao. Anakuta meza yake ina mtu, wenzake wamepanda vyeo, na hadithi zake za kule zinawachosha watu baada ya siku mbili. Watoto ndio huumia zaidi. Kwao "nyumbani" pengine ni kule walikotoka.

Miezi sita kabla hajarudi aambiwe atafanya kazi gani. Na wiki ya kwanza ofisini aketishwe pamoja na yule anayefuata kuondoka, mlango umefungwa, bila meneja. Mhasibu wangu aliyerudi kutoka Uholanzi alifika kwenye kikao hicho na ile barua pepe ya mistari miwili, ameichapa kwenye karatasi. Aliiweka mezani mbele ya kijana aliyekuwa akiondoka, akamwambia aisome, kisha akamuuliza, "Ungefanya nini?"